Je, Wajua? Kriketi Inapogeuka Mchezo wa Kuigiza

Mwigizaji akichomwa kisu jukwaani, hakuna anayekimbia kuita polisi. Tumekata tiketi tukijua kwamba mwisho umeshaandikwa, na tumeridhia. Uwanjani sivyo. Shabiki amelipa ili ashuhudie jambo ambalo hakuna anayejua litaishaje. Mchezaji anayeuza mechi anampokonya haki hiyo: anamkalisha mbele ya igizo bila kumwambia kuwa ni igizo. Kriketi imeijua dhambi hiyo kwa zaidi ya karne mbili, na waandishi wa tamthilia nao wameuchungulia mchezo huu kwa jicho kali. Twende moja baada ya jingine.

KRIKETI JUKWAANI

Je, wajua kwamba Harold Pinter, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2005, aliupenda mchezo huu hadi akawapa wahusika wake majina ya wachezaji wa kriketi? Wanaume wanne wa tamthilia yake *No Man's Land* ya mwaka 1975 ni Hirst, Spooner, Foster na Briggs. Wote ni majina ya wachezaji waliotamba Uingereza enzi za nyuma.

Je, wajua kwamba Samuel Beckett, mwandishi wa *Waiting for Godot*, ndiye mshindi pekee wa Nobel ya Fasihi aliyecheza kriketi ya daraja la kwanza? Alikichezea Chuo Kikuu cha Dublin dhidi ya Northamptonshire katikati ya miaka ya 1920.

Je, wajua kwamba pesa na kriketi zilishagombana jukwaani tangu mwaka 1930? R. C. Sherriff, aliyevuma kwa tamthilia ya vita *Journey's End*, aliandika *Badger's Green*. Ni hadithi ya kijiji cha Uingereza kinachotaka kumezwa na mradi wa majumba. Wanakijiji wana uwanja wao wa kriketi na mechi yao dhidi ya jirani, na mwenye mradi mwenyewe anajikuta amevutwa kucheza.

Je, wajua kwamba mmoja wa wahusika wenye kusikitisha zaidi katika tamthilia za Karibi ni mrushaji mpira aliyenyimwa haki yake? Katika *Moon on a Rainbow Shawl* ya Errol John wa Trinidad, Charlie Adams alikuwa na kipaji cha kufika mbali. Akalalamikia ubaguzi aliotendewa timu iliposafiri, na safari yake katika kriketi ikaishia hapo. Sasa anakarabati magongo ya kriketi ya wengine, na mahitaji ya shule ya binti yake yanamsukuma kuiba. Tamthilia hiyo ilishinda shindano la gazeti la *The Observer* mwaka 1957. Mwandishi anatuonyesha kwamba wizi wa Charlie ulitanguliwa na wizi mwingine, ule wa wakubwa wa mchezo waliomwibia maisha yake.

Je, wajua kwamba tamthilia inayotajwa sana kuhusu michezo kumezwa na biashara haina mpira hata mmoja unaochezwa jukwaani? Ni *The Club* ya David Williamson wa Australia, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1977. Inahusu kandanda ya Australia, na yote yanatokea katika chumba cha mikutano cha klabu. Wanaume sita wanasukumana: mwenyekiti, kocha, nahodha, mtendaji, mkongwe wa kamati, na kijana aliyenunuliwa kwa bei ya kutisha ambaye hachezi kulingana na bei yake. Mwandishi alijua kwamba mechi hushindwa au kuuzwa kwanza mezani.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 kriketi ilipanda jukwaani San Francisco, Marekani, nchi ambayo wengi hawajui hata ova (fungu la mipira sita) ni nini? Tamthilia *Testmatch* ya Kate Attwell inawakuta wachezaji wa kike wa Uingereza na India wamekwama mvua ikinyesha kwenye Kombe la Dunia, kisha inarudi nyuma hadi Calcutta ya enzi za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Sehemu zote mbili huigizwa na wanawake. Swali lake linachoma: mchezo uliosafiri na wakoloni unaweza vipi kujitangaza kuwa mwalimu wa haki?

Je, wajua kwamba Shane Warne, mrushaji hodari wa Australia, alitungiwa mchezo mzima wa nyimbo akiwa hai? *Shane Warne: The Musical* wa Eddie Perfect ulifunguliwa Melbourne mwaka 2008, ukiwa na sifa zake na kashfa zake pamoja.

DAU LILIKUWAPO TANGU ZAMANI

Je, wajua kwamba miongoni mwa habari za kwanza kabisa za mechi ya kriketi gazetini ilikuwa ya mechi ya fedha? Mwaka 1697, huko Sussex, watu kumi na moja kila upande walichezea dau la gini 50.

Je, wajua kwamba sheria za kriketi zilizorekebishwa mwaka 1774 zilikuwa na kifungu cha kuamua dau? Kamari haikuja kuvamia mchezo kutoka nje. Ilikaa sebuleni, na sheria ikaitengea kiti.

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 wachezesha kamari walisimama waziwazi mbele ya jengo la wachezaji pale Lord's, London, uwanja unaoitwa nyumba ya kriketi? Walipokea madau mchana kweupe, hatua chache kutoka kwa watu waliokuwa wakibetiwa.

Je, wajua kwamba mwaka 1817 William Lambert alifikia kilele na shimo ndani ya msimu mmoja? Alikuwa mtu wa kwanza kufikisha mikimbio mia moja katika kila moja ya zamu zake mbili za mechi moja. Mwaka huohuo alituhumiwa kuuza mechi kati ya Uingereza na Nottingham, na akapigwa marufuku kucheza Lord's. Hakurudi tena.

TELEVISHENI YABISHA HODI

Je, wajua kwamba mapinduzi makubwa ya biashara katika kriketi yalianza na mtu aliyenyimwa haki za matangazo? Mwaka 1976 Kerry Packer, mmiliki wa Channel Nine ya Australia, alitaka kununua haki za kuonyesha mechi. Bodi ya kriketi ya nchi hiyo ikamkatalia. Akaenda kimyakimya kuwasainisha wachezaji bora wa dunia, na mwishoni mwa 1977 akaanzisha mashindano yake mwenyewe, mwaka uleule *The Club* ilipopanda jukwaani nchini kwake.

Je, wajua kwamba wachezaji walimfuata kwa sababu ya kweli? Walijaza viwanja na kuambulia ujira mdogo. Wakubwa wa kriketi walipotaka kuwafungia, Mahakama Kuu ya London iliamua mwaka 1977 kwamba kufanya hivyo ni kuwazuia watu kufanya kazi yao. Tukiisema vibaya fedha katika michezo, tusisahau kwamba bila fedha mchezaji naye alikuwa ananyonywa.

Je, wajua kwamba taa za usiku, mpira mweupe na jezi za rangi viliingia kwa kishindo kupitia mashindano hayo ya Packer? Kriketi ikapangiwa saa ya watu kurudi kutoka kazini na kukaa mbele ya runinga. Mwaka 1979 bodi ikapatana naye, na Channel Nine ikapata ilichokitaka tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba Ligi Kuu ya India, IPL, ilianza mwaka 2008 kwa mnada wa wachezaji hadharani? Nahodha wa India, M. S. Dhoni, alinunuliwa na Chennai kwa dola milioni 1.5. Mwaka 2024, katika mnada uliofanyika Jeddah, Rishabh Pant alifikia rupia milioni 270.

Je, wajua kwamba haki za kuonyesha IPL kwa misimu mitano tu, 2023 hadi 2027, ziliuzwa kwa zaidi ya rupia bilioni 483? Ni kama dola bilioni 6.2. Kila mpira unaorushwa una bei yake, na penye bei hapakosi dalali.

Je, wajua kwamba Juni 2008 helikopta ilitua katika viwanja vya Lord's, na sanduku la plastiki angavu lililoonyeshwa kuwa na dola milioni 20 likawekwa mbele ya kamera? Aliyeshuka humo alikuwa Allen Stanford, bilionea wa Texas aliyefanya makazi Antigua. Wakubwa wa kriketi ya Uingereza walipiga naye picha wakitabasamu. Novemba mwaka huo timu yake ya Karibi iliichapa Uingereza kwa wiketi 10, yaani bila mpigaji wake hata mmoja kutolewa, na kila mshindi wa kikosi kilichocheza akaahidiwa dola milioni moja. Mwaka 2012 mahakama ya Marekani ilimhukumu Stanford kifungo cha miaka 110 kwa utapeli wa takriban dola bilioni 7. Pesa zile zilikuwa akiba za watu.

NAHODHA NA KOTI LA NGOZI

Je, wajua kwamba mechi moja ya kimataifa iligharimu kitita cha randi na koti la ngozi? Januari 2000, Centurion, Afrika Kusini. Mvua ilikuwa imekula siku tatu za mechi dhidi ya Uingereza, na sare ilikuwa imeiva. Mchezesha kamari mmoja akamwendea Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini. Cronje akamshawishi nahodha wa Uingereza, Nasser Hussain, kila timu iachie zamu moja ili mshindi apatikane. Hussain hakujua lolote kuhusu fedha. Uingereza ikashinda kwa wiketi 2, na watu wakasifu ujasiri wa Cronje. Walikuwa wanaushangilia ukurasa ulioandikwa usiku.

Je, wajua kwamba aibu hiyo ilifichuka bila polisi wa Delhi kuitafuta? Walikuwa wakisikiliza simu katika uchunguzi wao, wakakutana na sauti ya Cronje akiongea na mtu wa kamari. Walitangaza tarehe 7 Aprili 2000. Cronje akakana. Siku chache baadaye akakiri kwamba hakuwa amesema ukweli wote.

Je, wajua nani walitafutwa na nahodha huyo wasaidie kuuza? Katika mechi ya Nagpur, India, Machi 2000, Herschelle Gibbs na Henry Williams waliahidiwa dola 15,000 kila mmoja. Gibbs alitakiwa atoke kabla ya kufikisha mikimbio 20, Williams atoe mikimbio mingi. Gibbs akapiga 74. Williams akaumia baada ya kurusha mipira michache tu. Hakuna aliyetimiza ahadi, lakini wote wawili walifungiwa miezi sita, kwa kuwa kosa ni kukubali.

Je, wajua kwamba wawili hao hawakuwa vigogo? Cronje alikuwa Mzungu, nahodha, mtu wa kanisa aliyeheshimiwa nchi nzima. Aliowaendea walikuwa Machotara waliokuwa chini yake kikosini, miaka sita tu baada ya uchaguzi wa 1994. Mtunzi wa tamthilia angekaa hapo: chumba cha hoteli, mkubwa anaomba, mdogo anapima gharama ya kusema hapana.

Je, wajua kwamba Cronje alifungiwa maisha, akafa kwa ajali ya ndege tarehe 1 Juni 2002, akiwa na miaka 32? Wapo Waafrika Kusini wanaompenda hadi leo, na wapo wasiomsamehe.

MIPIRA MITATU PALE LORD'S

Je, wajua kwamba si lazima kuuza mechi nzima? Kuna dau la kila kipande: ova ipi itatoa mikimbio mingapi, mpira upi utakuwa haramu. Mpira haramu hupatikana mrushaji akivuka mstari kwa mguu wa mbele, na adhabu yake ni mkimbio mmoja tu kwa upande wa pili. Kidogo hicho ndicho mwanya. Shabiki haoni kitu, mchezaji anajiambia hajaidhuru timu, na tapeli anavuna.

Je, wajua kwamba mwaka 2010 mipira mitatu ya namna hiyo iliwapeleka wanaume wanne gerezani? Wakala Mazhar Majeed alipokea paundi 150,000 kutoka kwa mwandishi wa *News of the World* aliyejifanya mtu wa kamari, akamtajia mapema mpira upi, wa ova ipi, wa nani. Kesho yake Mohammad Amir na Mohammad Asif wa Pakistan wakavuka mstari kama ilivyotabiriwa. Amir alivuka kwa pengo kubwa hivi kwamba watangazaji walishangaa hapohapo. Novemba 2011 nahodha Salman Butt alihukumiwa miezi 30, Asif mwaka mmoja, Amir miezi sita, na Majeed miaka miwili na miezi minane.

Je, wajua kwamba Amir alikuwa na miaka 18? Siku zilezile alikuwa akiwapangua wapigaji wa Uingereza kwa mipira iliyonyooka na kupinda kama anavyotaka. Kipaji kilikuwa cha kweli kabisa. Kilichouzwa ni imani yetu kwacho.

Je, wajua kwamba mechi hiyohiyo ilizaa rekodi ya dunia ambayo wachache wanaikumbuka? Uingereza ilikuwa imepoteza wiketi saba kwa mikimbio 102 tu. Jonathan Trott na Stuart Broad wakajenga ushirikiano wa mikimbio 332, mkubwa kuliko wote wa wiketi ya nane katika kriketi ya kimataifa. Broad, ambaye kazi yake ilikuwa kurusha, alipiga 169. Leo ukitaja mechi ile, mtu anakumbuka mguu uliovuka mstari. Hivyo ndivyo ufisadi unavyofanya: unaiba hata yaliyotendwa kwa jasho halali.

Je, wajua kwamba Mervyn Westfield wa Essex alifungwa kwa paundi 6,000? Mwaka 2009 alikubali kutoa mikimbio 12 katika ova moja. Alitoa 10. Mwaka 2012 akahukumiwa miezi minne.

LIGI ILIYOKUWA MAIGIZO MATUPU

Je, wajua kwamba mwaka 2022 watapeli wa Gujarat, India, waliandaa ligi nzima ya uongo shambani? Katika kijiji cha Molipur walikodi shamba, wakafunga taa kali, wakaweka kamera tano. Vibarua wa mashamba na vijana wasio na kazi wapatao 21 walilipwa rupia 400 kwa mechi. Walivaa jezi za Chennai, Mumbai na Gujarat kwa kubadilishana: mtu huyohuyo leo Chennai, kesho Mumbai.

Je, wajua igizo lilivyoongozwa? Mwenye mpango alipokea madau ya Warusi wa miji kama Tver, Voronezh na Moscow kupitia Telegram. Dau likiingia, alimnong'oneza mwamuzi kwa simu ya upepo. Mwamuzi akampa ishara mrushaji. Mrushaji akatupa mpira wa pole, mpigaji akauchapa hadi mpakani. Kelele za mashabiki zilipakuliwa kwenye intaneti, na mtu mmoja aliigiza sauti ya mtangazaji maarufu Harsha Bhogle. Kamera hazikuonyesha uwanja mzima, maana uwanja mzima ungeonyesha kwamba hakuna mtu.

Je, wajua kwamba walifika robo fainali ndipo polisi wakabisha? Miaka miwili kabla ya hapo, mechi zilizochezwa kijijini karibu na Chandigarh zilirushwa mtandaoni kana kwamba zinachezwa Badulla, Sri Lanka. Kwa anayebeti tu, mchezo wa kweli na wa uongo haikuwa na tofauti. Yote miwili ilimpa kitu cha kuwekea mkeka wake. Hapo ndipo biashara isiyo na breki inapotufikisha.

NAIROBI, SHARJAH, DUBAI

Je, wajua kwamba maumivu haya yalifika hadi Kenya? Tarehe 29 Februari 1996, pale Pune, Kenya iliyofunga mikimbio 166 iliwatoa West Indies kwa 93 kwenye Kombe la Dunia. Nahodha na mchezaji bora wa mechi alikuwa Maurice Odumbe. Agosti 2004 alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano na mtu wa kamari, baada ya shauri lililosikilizwa na Jaji Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe. Odumbe alikana tuhuma. Alirudi uwanjani adhabu ilipokwisha, lakini umri ulikuwa umekwenda.

Je, wajua kwamba katikati ya siku hizo mbili Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003? Iliifunga Sri Lanka Nairobi, Collins Obuya akichukua wiketi tano. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Timu ndogo ikichafuka jina, haina akiba ya sifa ya kuishi nayo.

Je, wajua kwamba mwaka 2001 serikali ya India iliizuia timu yake kucheza Sharjah, uwanja wa Ghuba uliokuwa umejaa mashindano ya televisheni na minong'ono ya kamari? Na mwaka 2005 makao ya Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, yakahama Lord's kwenda Dubai, jirani kabisa.

WALIOPIGA KELELE

Je, wajua kwamba kunyamaza nako ni kosa? ICC ilianzisha kitengo cha kupambana na rushwa mwaka 2000 chini ya Paul Condon, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa London. Mchezaji akitongozwa na mtu wa kamari lazima atoe taarifa. Shakib Al Hasan, nyota wa Bangladesh, alifungiwa mwaka 2019 kwa kutosema, ingawa hakupatikana na kosa la kuuza mechi.

Je, wajua kwamba wakubwa nao walinyamaza? Shane Warne na Mark Waugh walipokea fedha za mtu wa kamari mwaka 1994 kwa kumpa habari za hali ya hewa na uwanja. Bodi ya Australia iliwatoza faini mwaka 1995, ikaificha habari hiyo hadi Desemba 1998.

Je, wajua, mwisho kabisa, jina la Rashid Latif? Alikuwa mlinda wiketi wa Pakistan, yule anayechutama nyuma ya vijiti na kuuona kila mpira ukija. Mwaka 1995 alisema hadharani kwamba wenzake wanauza mechi, akaacha kuichezea timu ya taifa akiwa kwenye ubora wake. Alitukanwa, kisha uchunguzi wa Jaji Qayyum wa Pakistan ukaonyesha kwamba tatizo lilikuwapo. Alirejea, akawa nahodha, na mwaka 2003 akaiandikia ICC barua kuonya kuhusu dau la vipande vya mechi. Miaka saba baadaye ikatokea Lord's.

Waandishi wa tamthilia wa Kiswahili, mhusika wenu mkuu ndiye huyu. Vijana wetu wanasuka mikeka kila wikendi, klabu zetu zinavaa majina ya kampuni za kubeti kifuani, na wachezaji wetu wengi wanalipwa kwa kuchelewa. Tumeshawaigiza wezi vya kutosha. Tuandikieni aliyekataa, alichopoteza kwa kukataa, na nani alikaa kimya akimtazama akipoteza.